Binti yako ameanza kubalehe angali mdogo, na ana hofu: mwongozo kwa wazazi wa Bukavu

Ukimwona msichana wa miaka 8 au 9 hataki kuvua pulova ya shule hata jua la Juni linapochoma, usimwite mkaidi. Mara nyingi kuna kitu kifuani anachokificha. Ninafundisha mwaka wa tatu wa msingi hapa Bukavu, na kila mwaka ninakutana na watoto wa namna hii: anayeacha kuruka kamba ghafla, anayeshika tumbo kila asubuhi ya michezo, anayejikunja kwenye dawati hadi kidevu kiguse daftari. Mama zao wananijia mlangoni kuuliza, "Mwalimu, mtoto wangu ana nini?" Nimewaandikia hao, pamoja na wababa, nyanya na mashangazi wanaolea.

Katika yote yanayofuata, kumbuka hili: mwili umetangulia, umri haukuhama. Mtoto wa miaka 8 mwenye matiti bado ni mtoto wa miaka 8. Hofu yake nyingi inatokana na sisi watu wazima, tunapoanza kumtazama na kumsemesha kana kwamba yule wa jana ameondoka.

Hatua ya 1: Hesabu umri wake kabla ya kusema neno

Tafuta kadi ya chanjo au cheti cha kuzaliwa, uhakikishe tarehe. Wengi wetu tunakadiria, na hapa miezi sita inaweza kubadilisha uamuzi.

Wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13. Akianza na miaka 8 na nusu au 9, amewahi, lakini yumo ndani ya kawaida. Matiti yakiota kabla hajatimiza miaka 8, ni lazima aonwe na daktari. Nitalirudia hilo chini.

Kwa wengi dalili ya kwanza ni kinundu kidogo chini ya chuchu, kigumu, chenye kuuma kikiguswa. Mara nyingi kinatokea upande mmoja, na wa pili unaweza kuchelewa miezi kadhaa. Hiyo si saratani wala jipu. Usikikamue, usikikande kwa maji ya moto, usikipake dawa ya mtu yeyote. Baadaye zinafuata nywele za sehemu za siri na za kwapani, jasho lenye harufu, kurefuka haraka, chunusi, na ute mweupe kwenye chupi. Hedhi ya kwanza huja karibu na mwisho, kwa kawaida miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya kinundu kile cha kwanza. Kwa hiyo siku unapokiona bado una muda wa kumwandaa polepole. Hakuna haja ya kummwagia yote leo usiku.

Hatua ya 2: Ziba mdomo wa mtaa kwanza, hata kama mtaa uko ndani ya nyumba yako

Neno linaloumiza zaidi ni hili la chini chini: "Huyu ameanza mapema, lazima kuna mwanaume." Ni uongo. Kubalehe kunaanzia kwenye ubongo: unatuma ujumbe kwa tezi ndogo iliyo chini yake, tezi inaamsha ovari, ovari zinatoa homoni. Hakuna tabia, nguo, mchezo wala rafiki wa kiume anayeweza kuiamsha saa hiyo. Inayochangia ni damu ya ukoo (muulize mama yako na shangazi za mtoto wao walianza lini) na uzito wa mwili. Mara chache kuna ugonjwa, au homoni zilizotoka nje, kama mtoto aliyemeza vidonge vya uzazi wa mpango vya mama yake au anayegusana kila siku na krimu yenye homoni. Vidonge vyako na mafuta unayopaka mwilini viweke mbali na mikono yake.

Jirani akisema kitu mbele ya mtoto, mjibu palepale, kwa adabu lakini kwa sauti ambayo mtoto ataisikia: "Mama, huyu ni mtoto, anakua tu. Tusiongee juu ya mwili wake." Mtoto atakumbuka kwamba ulisimama upande wake.

Hatua ya 3: Ongea naye mikono yenu ikiwa na kazi

Usimwite chumbani na kufunga mlango. Kwa mtoto mwenye hofu, mlango kufungwa maana yake ni kosa au msiba. Ongea mkichambua maharagwe, mkisuka nywele, mkipandisha kutoka soko la Nyawera na vikapu. Asipolazimika kukutazama machoni, atauliza zaidi.

Maneno yawe machache na ya kweli. Kwa mfano:

"Mwanangu, nimeona kifua chako kinaanza kukua. Kinakuuma?"

"Kidogo, mama. Upande huu tu."

"Ndiyo, huwa kinaanza upande mmoja. Mimi pia kilianza hivyo. Si ugonjwa."

"Na wa darasani, mbona wao hawana?"

"Unakumbuka meno yako ya utoto? Wewe yaling'oka ukiwa gardiani, shule ya chekechea, rafiki yako yakang'oka mwaka wa pili. Sasa nyote mna meno. Na hii ni vile vile."

Ishia hapo. Siku nyingine ongeza kingine: nywele, jasho, kisha hedhi. Hedhi aijue mapema, wala usingoje dalili zote zionekane. Msichana anayeona damu bila kuambiwa kitu anadhani ameumia ndani na atakufa, na wengine wanakaa na wazo hilo siku nzima bila kumwambia mtu. Mwambie hivi: "Siku moja, labda mwakani au baadaye, utaona damu kidogo kwenye chupi. Inatoka kwenye tumbo la uzazi, inakaa siku chache, inakwisha. Hujaumia. Siku hiyo uniambie mimi, au nyanya, au mwalimu wako."

Kuna maswali hatauliza, nawe uyajibu bila kuulizwa. Je, nina ugonjwa? Nilifanya dhambi? Mtaniacha kunipakata? Nitaolewa? Rafiki zangu watanikimbia? Mtoto wa umri huu akisikia nyanya anasema "sasa amekuwa mwanamke" anaweza kuelewa neno kwa neno, akafikiri maisha yake ya utoto yamekwisha tangu jana. Mwombe nyanya, kwa heshima yake, asubiri kusema hivyo hadi mtoto afike miaka yenyewe. Nyanya akielewa sababu atakuwa msaada mkubwa kuliko sisi, maana mtoto humuuliza nyanya mambo anayotuonea haya.

Tumia majina halisi ya viungo, yale mnayotumia nyumbani bila kuyageuza matusi. Asiyejua jina la kiungo hataweza kumwambia daktari panapouma, wala kukuambia wewe mtu aliyemgusa.

Hatua ya 4: Hofu yenyewe ishughulikie kama hofu

Kuna watoto wanaotulia baada ya kuelezwa mara moja. Wengine hawatulii, na kwao maelezo peke yake hayatoshi. Hofu inakaa mwilini: tumbo linauma asubuhi, usingizi hauji, anarudi kukojoa kitandani, anauliza swali lile lile mara kumi kwa siku. Na katika mji wetu watoto wengi wamekwisha kusikia milio ya risasi na kukimbia nyumba usiku. Hofu ya mwili inaangukia juu ya hofu nyingine ambayo haikupata kutoka.

Kwanza, usimcheke, na usimwambie "hakuna kitu cha kuogopa". Yeye anaona kipo. Sema, "Naona unaogopa. Mwili kubadilika bila kukuomba ruhusa kunatisha. Niko hapa."

Swali lile lile likirudi, lijibu vizuri mara moja. Likirudi tena, mwulize, "Jana tulisema nini juu ya hilo?" Mwache alijibu mwenyewe, nawe uthibitishe. Ukimtuliza kila baada ya dakika tano, anajifunza kwamba bila sauti yako hawezi kutulia. Wapo wanaosaidiwa na saa maalumu ya maswali: kila jioni baada ya kuosha vyombo, dakika kumi, wewe na yeye. Swali la saa nne asubuhi analichora au kuliandika kwenye daftari dogo linalongoja jioni. Yakifika jioni, mengi yamekwisha kupoa.

Mfundishe kupumua akiwa ametulia, ili akiogopa ajue: avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe kwa mdomo polepole akihesabu hadi 6, mara tano. Mkono mmoja uwe juu ya tumbo, auone ukipanda na kushuka.

Shule asiiache. Hapa wazazi wengi wanalegea kwa huruma, nami ninawaelewa, lakini kila siku anayobaki nyumbani kwa sababu ya hofu, siku ya kurudi inakuwa nzito zaidi. Kama michezo ndiyo inayomtisha, tupange kidogo kidogo: wiki ya kwanza anakuja uwanjani na kuhesabu magoli, ya pili anatembea na wenzake, ya tatu anakimbia akiwa na fulana ya ndani inayomkaa vizuri. Zungumza na mwalimu. Hakuna mwalimu wa kweli atakayekukatalia jambo hilo.

Hofu ikiendelea wiki nyingi, akakataa kula, hasinzii, au akisema hataki kuishi, mpeleke kwenye kituo cha afya na uombe aonwe na mtaalamu wa mambo ya akili na hisia. Usimpeleke kwanza penye maombi ya kufunga kula. Mtoto anayekua anahitaji chakula. Ombeni pamoja naye, na ale.

Hatua ya 5: Sare, fulana na choo

Sare yetu, shati jeupe na sketi ya buluu, inawasumbua wasichana hawa: jeupe linaonyesha kifua. Mnunulie fulana mbili au tatu za ndani, za pamba, zisizobana. Sidiria yenye vyuma na mapambo ya watu wazima haimfai. Mchague pamoja, rangi aipendayo. Shati liwe kubwa kwa namba moja. Pulova aivae akitaka, mwache, na siku atakapozoea ataivua mwenyewe.

Kuoga kila siku kwa maji na sabuni ya kawaida kunatosha, kwapani na sehemu za siri kwa nje tu. Ute mweupe usio na harufu mbaya ni wa kawaida. Ukiwa wa kijani au wa njano, unanuka, au anajikuna, aende kituo cha afya. Kama alikuwa anaoga na kaka zake kwenye karai moja, anza kumwogesha peke yake bila kutoa hotuba yoyote.

Chunguza choo cha shule. Je, kina mlango unaofungwa? Kina maji? Sitaki kuwasema wenzangu vibaya, lakini wapo wasichana wasiokunywa maji tangu asubuhi ili wasiingie huko. Kamati ya wazazi ndiyo yenye nguvu ya kudai kufuli, ndoo na sabuni, na wazazi watatu wakiongea pamoja wanasikilizwa kuliko mmoja.

Hatua ya 6: Mfuko wa siku ya damu

Mtengenezee mfuko mdogo wa kitenge wenye kamba, ukae chini ya begi la shule: pedi mbili, chupi moja safi, kipande cha sabuni, mfuko wa plastiki wa kufungia kilichochafuka. Mwonyeshe namna ya kubandika pedi kwenye chupi, ajaribu mwenyewe nyumbani. Mwage maji vijiko viwili juu yake aone yanavyonywewa. Kwa mtoto mwenye hofu, jaribio hilo dogo linafanya kazi kuliko maelezo ya saa nzima.

Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Fedha ikikosekana, vitambaa vya pamba vilivyokatwa kutoka kikwembe cha zamani kilicho safi vinafaa kabisa. Vifuliwe kwa maji baridi kwanza, kwa kuwa ya moto yanagandisha doa, kisha kwa sabuni, na vianikwe juani. Hapa ndipo Bukavu inatusumbua: kuanzia Septemba hadi Mei mvua haitupi nafasi, nasi kwa aibu tunaficha vitambaa chini ya godoro vikiwa na unyevu. Usifanye hivyo, vitamletea muwasho na ugonjwa. Vianike hata chini ya kitambaa kingine chepesi, na mvua ikizidi vipige pasi ya makaa hadi vikauke kabisa.

Mwambie pia kwamba hedhi za mwanzo hazina mpango. Ya pili inaweza kuja baada ya miezi miwili au mitatu, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mmoja au miwili. Damu hukaa siku 2 hadi 7. Tumbo likiuma, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inasaidia, na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, siyo aspirini. Kwa kuwa anapoteza damu na anarefuka pamoja, apate maharagwe, sambaza (samaki wadogo wa ziwa), sombe (majani ya muhogo) na lengalenga (mchicha) mara nyingi, na chungwa au limau karibu na mlo. Chai ingoje saa moja baada ya chakula, kwa kuwa inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Hatua ya 7: Papa asirudi nyuma

Nimewaona wasichana wengi wakiumizwa na jambo hili ambalo hakuna aliyekusudia. Papa aliyekuwa akimpakata, akimshika mkono kwenye mteremko wa Kadutu, akimsaidia hesabu, anaona kifua cha binti kimeota, anaona aibu, na kuanzia siku hiyo anaongea naye kutoka mbali. Mtoto hajui habari ya aibu ya papa. Anachoona ni kwamba amekua kidogo na papa ameacha kumpenda.

Papa, endelea kumsalimu kwa mkono begani, endelea kumwuliza habari za shule, endelea kutembea naye. Bisha hodi kabla ya kuingia anapovaa, na kaka zake wabishe pia. Usimtanie juu ya mwili wake, hata kwa upendo. Kama unalea peke yako, huhitaji kujua yote: chagua shangazi au mama mdogo mmoja mnayemwamini, mwambie binti wazi, "Mambo haya unaweza kuniuliza mimi, au kumwuliza shangazi yako." Na ukitumwa kununua pedi dukani, nunua bila kuzificha chini ya mkate.

Hatua ya 8: Mlinde na macho ya watu

Mwili unaoonekana wa miaka 12 unamletea mtoto wa miaka 8 maneno asiyoweza kuyabeba. Usimtume bombani jioni peke yake, wala dukani giza likiingia. Mfundishe maneno matatu ya kutumia bila kuomba samahani: "Hapana," "Usiniguse," "Nitamwambia mama." Mwambie kwamba hakuna mtu mzima, awe ndugu, mwalimu au mtumishi wa Mungu, anayeruhusiwa kumpa siri juu ya mwili wake, na kwamba akikuambia hutampiga.

Mtu akija kukuambia kwamba msichana aliyeona hedhi amefaa kuposwa, mjibu kwa sheria. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza uchumba na ndoa za watoto.

Akikuambia kwamba ameguswa au amebakwa, mwamini. Mpeleke hospitalini siku ile ile, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatolewa ndani ya saa 72. Kumbuka pia kwamba msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza. Hapa mjini Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, inajulikana kwa kuwapokea wanawake na watoto waliotendewa hivyo. Usimwogeshe kwanza, usifue nguo zake.

Hatua ya 9: Lini kwa daktari, na mwende na nini

Usingoje ukiona moja ya haya: matiti au nywele za siri kabla ya miaka 8; damu ukeni kabla matiti hayajaota (hiyo si hedhi, inaweza kuwa jeraha, kitu kilichoingia, ugonjwa au kutendewa vibaya); mabadiliko yanayokimbia ndani ya miezi michache; kuumwa kichwa sana na kutapika asubuhi, au macho kuona vibaya; damu inayojaza pedi kila saa moja au mbili, au inayopita siku 7. Hata aliyeanza kwa wakati, akipata hedhi mapema sana na akarefuka haraka kuwapita wote, inafaa aonwe, kwa kuwa mifupa inayokomaa mapema inafunga mapema, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wenzake anaweza kubaki mfupi akiwa mtu mzima.

Anza na kituo cha afya cha mtaa wenu, uombe barua ya kumpeleka hospitali kuu. Beba kadi ya chanjo, orodha ya tarehe ulizoona kila badiliko, na urefu wake: msimamishe ukutani bila viatu kila baada ya miezi mitatu, weka alama ya penseli na tarehe. Daktari atampima, atauliza juu ya mama na dada zake, na anaweza kuomba picha ya mifupa ya mkono wa kushoto, vipimo vya damu na ekografi (ultrasaundi) ya tumbo. Zipo sindano zinazosimamisha kubalehe kwa muda. Ni za bei kubwa na si kila mtoto anazihitaji, kwa hiyo uliza wazi faida yake kwa mtoto wako kabla ya kuuza kitu cha nyumbani.

Usiku wa kuamkia safari mwambie kila kitakachofanyika: atapimwa uzito, huenda akachomwa sindano moja ya kutoa damu, daktari ataomba kutazama kifua na wewe utakuwa chumbani. Ana haki ya kuomba daktari wa kike, na kama yupo atapewa. Mwulize kama ana swali lake mwenyewe. Aliandike kwenye karatasi kwa mwandiko wake, na mkifika, mwache alisome yeye.